Kila Sentimita Ina Sababu Yake

Nguzo za jengo ninaloegesha gari kila siku zimejaa mikwaruzo ya rangi: nyeupe, nyekundu, ya fedha, na bluu iliyokolea ambayo nakiri ni ya gari langu. Jengo lenyewe ni la zamani, na waliochora mistari yake walikuwa na gari fulani akilini, nalo lilikuwa gari jembamba. Siku niliyolazimika kutokea mlango wa abiria, kwa kuwa wa dereva ulifunguka kiasi cha kupitisha kiganja tu, nilimlaumu jirani yangu wa upande wa kulia. Kisha nikainama kuyatazama magurudumu yake nikaona yako ndani ya mstari, na yangu pia yako ndani ya mstari. Hakuna aliyekosea. Magari yenyewe ndiyo yaliyojaza nafasi iliyokuwa ya wanadamu kupita.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa vipimo, tabia iliyowachosha wote wanaosafiri nami.

Volkswagen Golf ya kwanza, iliyotoka 1974, ilikuwa na urefu wa mita 3.7 na upana wa mita 1.61, toleo la nane, lililozinduliwa 2019, lina urefu wa mita 4.28 na upana wa mita 1.79. Toyota Corolla ya 1966 haikufika mita 3.9, ilhali saluni yenye jina hilo leo inapita mita 4.6. Mini ya 1959, kazi ya mhandisi Alec Issigonis, ilibeba watu wanne katika urefu wa mita 3.05 tu, juu ya magurudumu ya inchi 10. Inayouzwa sasa kwa jina hilohilo imezidi mita 3.8, na zikiegeshwa pamoja ile ya kale huonekana kama kitu cha kuchezea kilichosahauliwa na mtoto.

Lakini kuliko ukuaji wenyewe, kinachonivutia ni pengo linaloachwa nyuma. Mwaka 1975 kampuni iliyotengeneza Golf ilitoa gari dogo zaidi, Polo, lenye urefu wa mita 3.5. Polo nayo ikakua kila ilipobadilishwa, hata ikabidi mwaka 1998 iletwe Lupo kuziba nafasi iliyoachwa wazi, na urefu wa Lupo ulikuwa mita 3.53. Mwaka 2011 ikaja up!, yenye mita 3.54. Mara tatu katika miaka 36 watengenezaji hao walirudi kwenye kipimo kilekile, kana kwamba mitaa ilikuwa inawanong'oneza kwamba kipimo hicho kinalitosha gari dogo. Utengenezaji wa up! ulikoma 2023 bila gari jingine kurithi kipimo hicho, na Polo ya sasa, yenye mita 4.07, ni ndefu na pana kuliko ile Golf ya 1974.

Sababu ya mwenendo huo si fumbo. Mtu hununua gari akiwa kijana, akioa au kuolewa hupata watoto, na kampuni isingependa ahamie kwa mshindani. Basi inalikuza gari pamoja naye. Isitoshe, kila toleo jipya hupimwa dhidi ya lililotangulia, na sijawahi kuona tangazo linalojivunia kwamba nafasi ya magoti imepunguzwa. Wapo wanaosema kwamba magari yamepanuka kwa kuwa watu wamenenepa. Sikatai kabisa, ila keti ndani ya gari la miaka ya 1970 utaona bega lako linakaribia kugusa kioo. Keti ndani ya jipya, na kati ya bega lako na ulimwengu wa nje pana mlango mnene kama ukuta wa nyumba. Sehemu kubwa ya upana ulioongezeka haikwenda kwa abiria. Ilikwenda kwenye milango.

Na milango hiyo haikunenepa kwa anasa. Mwaka 1997 shirika la Ulaya la Euro NCAP lilianza kuchapisha matokeo ya kugonganisha magari mapya na kizuizi kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa, upande mmoja tu wa uso wa gari ukipokea kishindo. Rover 100, gari dogo ambalo asili yake ilikuwa ya 1980, lilipata nyota moja. Picha za chumba chake kilivyojikunja zilisambaa, wanunuzi wakalikimbia, na kabla ya muongo kuisha lilikuwa limeondolewa sokoni. Miaka minne baada ya majaribio hayo kuanza, Renault Laguna ilikuwa ya kwanza kupata nyota tano. Hakuna kampuni iliyotaka kuwa Rover 100 inayofuata.

Fizikia ya jambo hili ni nyepesi. Mwili wa binadamu unaokwenda kasi hauna budi kusimamishwa, na ukisimamishwa ndani ya umbali mrefu kidogo nguvu inayoupiga hupungua. Kwa hiyo pua ya gari hurefushwa ili ijikunje polepole huku chumba cha abiria kikibaki kizima. Ubavuni hakuna urefu wa kukunjika. Hapo unahitajika unene: vyuma vya kuvuka mlango, mifuko ya hewa, sifongo, na sentimita chache za utupu. Paa nalo lilipata sheria yake. Marekani iliamua mwaka 2009 kwamba paa la gari dogo liweze kustahimili mzigo wa mara tatu ya uzito wa gari lenyewe badala ya mara moja na nusu, na nguzo zinazoshika kioo cha mbele zikazidi kunenepa, kiasi kwamba mpita njia mzima anaweza kujificha nyuma ya mojawapo wakati dereva anakata kona. Siwezi kulilaani badiliko hili. Nimewahi kutoka nikiwa mzima ndani ya gari ambalo pua yake ilikuwa imerudi nyuma hadi kwenye kioo, na ningekuwa mnafiki kuitamani Rover 100.

Uzito, hata hivyo, una tabia ya kuzaa uzito. Bodi ikiwa nzito inahitaji injini yenye nguvu zaidi, injini hiyo inahitaji radieta kubwa na breki kubwa, breki kubwa haziingii ndani ya rimu ndogo, na rimu kubwa inahitaji saspensheni imara zaidi, ambayo ni chuma kingine. Zamani kulikuwa na kitu kilichouzuia mzunguko huo, nacho ni mikono ya dereva. Kabla ya usukani wenye msaada wa haidroli au umeme kuenea hadi kwenye magari ya kawaida, tairi pana chini ya gari zito lilimfanya mtu atokwe jasho akiegesha, kwa hiyo wahandisi walikuwa na sababu ya kila siku ya kubana uzito. Leo kidole kimoja kinazungusha usukani wa gari la tani mbili. Mwili wa dereva ulikuwa mzani, nao uliondolewa kimyakimya.

Hadi hapo mtu angeweza kusema kwamba magari yamekua kwa sababu njema na yameishia kwenye ukubwa unaostahili. Ningekubali, lau nisingesoma habari za kanuni za mafuta.

Baada ya vikwazo vya mafuta vya 1973, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1975 sheria iliyowataka watengenezaji wafikie wastani fulani wa matumizi ya mafuta kwa magari yao yote. Magari ya kazi, yaani pikapu na jamii yake, yaliwekewa kiwango chake chepesi, kwa hoja iliyoeleweka kwamba mkulima na fundi ujenzi wasiadhibiwe kwa kubeba mizigo. Lakini maji hufuata mkondo. Gari lililoinuliwa kidogo kutoka ardhini na kupewa uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne lingeweza kuhesabiwa kuwa gari la kazi hata kama mzigo wake mzito kuliko yote ni mifuko ya ununuzi. Chrysler PT Cruiser ya 2000, gari la familia lenye sura ya miaka ya 1930, lilihesabiwa katika kundi la magari ya kazi kwa sababu viti vyake vya nyuma viliweza kutolewa na kuacha sakafu bapa. (Pikapu zenyewe zilikuwa na kinga nyingine ya ajabu: tangu 1964, katika ugomvi na Ulaya juu ya ushuru wa nyama ya kuku, Marekani hutoza asilimia 25 kwa malori madogo yanayoingizwa kutoka nje. Ugomvi wa kuku umesahaulika. Kodi ipo.)

Kisha yakaja marekebisho yaliyokusudiwa kuwa ya haki zaidi. Kuanzia magari ya mwaka 2011 kiwango cha mafuta kilifungamanishwa na eneo lililo kati ya magurudumu manne: gari lenye eneo kubwa linaruhusiwa kutumia mafuta mengi zaidi. Ulaya, katika kanuni yake ya 2009, haikutumia eneo bali uzito, ikawapa watengenezaji wa magari mazito lengo lililolegezwa kidogo. Nia ilikuwa kwamba kila kampuni ijitahidi bila kujali inatengeneza magari ya ukubwa gani. Tokeo lake ni kwamba kulipunguza gari kulileta lengo gumu zaidi badala ya tuzo. Mhandisi aliyefaulu kutengeneza gari fupi na jepesi alikuta mstari wa kumalizia umesogezwa mbele kwa sababu ya kufaulu kwake. Nimesikia lawama nyingi zikielekezwa kwa wanunuzi wenye majivuno na kwa kampuni zenye uchu, na wote wawili wana sehemu yao, lakini naona kosa kubwa zaidi limo katika kanuni hizi, ambazo zililipima kila gari kwa kulilinganisha na ukubwa wake lenyewe, na hazikuuliza hata mara moja kama ukubwa huo unahitajika.

Faida nayo ikafuata mkondo uleule. Gari kubwa na gari dogo vinahitaji karibu vifaa vilevile vya elektroniki, mifuko ileile ya hewa, saa zilezile za kusanifu na kujaribu. Kinachotofautiana zaidi ni bati na chuma, navyo ni sehemu ndogo ya gharama, huku mnunuzi akiwa tayari kulipa zaidi sana kwa lililo kubwa. Ford ilitangaza 2018 kwamba ingeachana na karibu magari yake yote ya saluni katika soko la Marekani, na Fiesta, gari dogo lililokuwa barabarani tangu 1976, lilikoma kutengenezwa 2023. Katika mwaka huohuo wa 2023, kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati, magari ya aina ya SUV, yaani yale ya familia yaliyoinuliwa kutoka ardhini, yalifikia asilimia 48 ya magari yaliyouzwa duniani.

Na mtindo je? Wengi hudhani kwamba wabunifu waliamka siku moja wakataka magari yenye sura za hasira, na ukubwa ukafuata. Naona kinyume chake. Mbunifu wa leo ni mshonaji aliyeletewa mwili mnene, naye anahangaika na kitambaa ili mwili huo uonekane umepungua.

Chukua boneti. Kanuni za Ulaya zilizoanza kutumika 2005 zilidai kwamba kichwa cha mtembea kwa miguu kinapoangukia boneti kisikutane mara moja na chuma cha injini. Lazima pawepo nafasi ya bati kubonyea. Boneti ikainuka. Boneti ikiinuka, mstari wa chini wa madirisha huinuka nao, la sivyo gari litaonekana limevunjika shingo. Sasa mlango umekuwa ukuta mrefu wenye dirisha jembamba juu yake, na ukuta mrefu uliosimama juu ya magurudumu ya inchi 13 hufanana na kabati lililowekewa miguu ya kuku. Dawa ni kukuza magurudumu hadi inchi 18, 19, hata 20. Ukuta wenyewe hukatwakatwa kwa mikunjo mikali inayovunja mwanga, na chini yake hufungwa ukanda wa plastiki nyeusi ambao jicho huusoma kama kivuli, si kama bodi, hivyo gari likaonekana jembamba kwa kiasi cha ukanda huo. Watu huamini plastiki ile ni ya kuzuia mawe ya njia mbaya. Kwa magari mengi ni mkanda wa kubana tumbo.

Pua ndefu iliyosimama wima huleta shida ya pili: ni uwanja mtupu unaohitaji kujazwa na kitu. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, grili, au shoo kama mafundi wanavyoiita, zimekuwa kubwa katika zama hizihizi ambazo injini zinahitaji hewa pungufu kuliko zamani. Audi iliunganisha shoo ya juu na ya chini kuwa fremu moja mwaka 2004, wengine wakafuata, na BMW ilipotoa 4 Series ya 2020 yenye pua mbili zilizonyooka hadi karibu na lami, mabishano yalidumu miezi. Taa nazo zilipata uhuru. Nchini Marekani, kati ya 1940 na 1983, sheria ililazimisha taa za mbele za maumbo machache yaliyokwisha kupangwa, ndiyo maana magari mengi ya zama hizo yana macho ya duara; teknolojia ya LED imeziwezesha kuwa nyembamba kama wembe. Mara nyingi ule wembe ulio juu ni taa ya mchana tu, na taa yenyewe ya kumulika imefichwa chini, ndani ya weusi wa bampa. Taa za kuinuka na kulala, zilizoyapa magari ya michezo ya utoto wangu haiba yake yote, zilitoweka 2004 na sijaacha kuzililia.

Upepo ulitoa mchango wake pia, japo hapa sina mengi ya kusema: mkia ulioinuliwa na kukatwa ghafla huuachia upepo bila kuuvuruga, na kwa kuwa upepo ni uleule kwa kila kampuni, migongo ya magari imefanana. Dirisha la nyuma likasinyaa kuwa kama tundu la barua. Marekani ikaamuru kamera ya nyuma kwa magari yote mapya kuanzia Mei 2018. Tulijenga kitu kisichoona, kisha tukakitia jicho.

Urefu wa kwenda juu una upande wake wa huruma, nami nauheshimu. Mama yangu, ambaye magoti yake hayamtii tena, huingia kwenye gari lililoinuka kwa kugeuka tu na kukaa, ilhali kwenye saluni yangu ilinibidi nimshike mkono kama anayeshuka kisimani. Tatizo ni kwamba urefu anaoufaidi aliye ndani hulipiwa na aliye nje. Utafiti wa taasisi ya bima ya Marekani, IIHS, uliotolewa 2023, uliona kwamba magari yenye boneti iliyozidi inchi 40 kutoka ardhini yana uwezekano wa karibu asilimia 45 zaidi wa kumuua mtembea kwa miguu anayegongwa, yakilinganishwa na yale yenye boneti ya inchi 30 au chini na pua iliyoinama. Pua fupi humpiga mtu miguuni na kumlaza juu ya boneti. Pua ndefu humpiga kifuani na kumwangusha mbele ya magurudumu. Nchini humo vifo vya watembea kwa miguu vilikuwa takriban 4,100 mwaka 2009, na mwaka 2022 vilizidi 7,500. Magari si sababu pekee ya ongezeko hilo. Hata hivyo, kuinuliwa boneti kwa ajili ya kichwa cha mpita njia, kisha kuendelea kuinuliwa mpaka ikampata kifuani, ni kejeli ambayo hakuna aliyeikusudia.

Wapo watakaosema kwamba ukuaji huu haukuepukika. Japani ina jibu. Magari yake madogo ya kundi la kei yanabanwa na sheria: tangu 1998 urefu usizidi mita 3.4, upana mita 1.48, na injini isizidi sentimita za ujazo 660. Mstari umechorwa, na miaka yote hii magari hayo hayajauvuka. Yamerefuka kwenda juu tu, upande ambao sheria iliyaachia nafasi, yakawa kama masanduku yaliyosimamishwa, na ndani yake mtu anaweza kukaa na kofia. Mazda nayo ilipoisanifu upya MX-5 yake 2015, iliifanya kuwa fupi kidogo kuliko ile ya kwanza ya 1989, mifuko ya hewa na yote, kwa sababu tu waliamua hivyo.

Betri ndiyo hoja mpya. Pakiti ya betri hulazwa chini ya sakafu, sakafu huinuka, abiria huinuka nayo, na paa halina budi kufuata. Umbo la SUV ndilo linaloficha unene huo kwa urahisi kuliko yote. Hummer ya umeme ina uzito wa zaidi ya tani 4, na betri yake pekee ina takriban kilo 1,300, uzito unaozidi Mini mbili za 1959 zilizopandishwa mzani pamoja.

Mwisho wa vipimo vyangu, kwa sasa, ni Renault 5. Ile ya 1972 ilikuwa na urefu wa mita 3.5, upana wa mita 1.53, na magurudumu ya inchi 13. Ile ya umeme iliyoanza kuuzwa 2024 ina mita 3.92 kwa 1.77, magurudumu ya inchi 18, na uzito unaokaribia maradufu ya ule wa zamani, nayo inaitwa gari dogo, na kwa viwango vya leo ni dogo kweli. Nimeipenda. Ila nilipoziweka picha mbili kando kando kwenye kioo cha kompyuta nilishindwa kuona tofauti ya ukubwa, kwa kuwa mshonaji alikuwa amekuza kila kitu kwa uwiano uleule: gurudumu, taa, kioo, hata mkunjo wa mlango. Nilitafuta picha yenye mtu aliyesimama karibu. Kwenye ile ya kale paa lilimfikia kifuani, na aliweza kuegemeza kiwiko juu yake.